Leso Niliyoirudisha Pichani

Sauti ya Nekesa ilinifikia kwenye simu Jumanne asubuhi, nimesimama jikoni kwangu hapa Baghdadiyah nikisubiri maziwa yachemke. "Mishi, nimesikia wamebomoa kwetu," alisema. Kwetu! Mwanamke yuko Bungoma, ana shamba la miwa na wajukuu wawili, na bado vichochoro vya Mahjar, kusini ya mji huu wa Jeddah, anaviita kwetu. "Nimeona video, aki ni vifusi tu. Sasa wewe si ni mchoraji mkubwa huko? Nichoree ile room yetu, niitundike sitting room. Na ile leso uiweke, sawa? Siku ile nilikukataza, lakini sasa nani atanishika?" Akacheka kicheko chake kile kile cha zamani. Maziwa yalifura yakamwagikia jikoni na mimi nayatazama tu.

Kazi yangu ni kuchora miji. Wanaonunua picha zangu ni watu wa hapa hapa, wengi wao waliohama mitaa ya zamani, wanaotaka kuiona tena baraza ya babu yao au roshani ya mbao waliyochungulia wakiwa wadogo. Husimama mbele ya picha wakanyoosha kidole: "Wallahi ndipo hapa, hata ule ufa!" Wananisifu kwamba napapatia mahali. Mume wangu, ambaye wazee wake walihamia hapa kutoka Unguja kabla yeye hajazaliwa, hupenda kuwaambia wageni kwamba mke wake alianza kuchora akiwa shagala, mfanyakazi wa ndani, kwenye nyumba za watu. Husema kwa fahari kabisa. Mimi hutafuta kisingizio nikaingia jikoni, maana najua nilivyojifunza, na naijua picha iliyonipa jina. Hata yeye sijamsimulia. Naiandika sasa kwa sababu nimechoka kujificha ndani ya jiko langu mwenyewe.

Nilifika Riyadh nikiwa na miaka ishirini na minne. Chumba changu kilikuwa kati ya jiko na mashine ya kufulia, na mashine ilipoanza kukamua, kitanda kizima kilitetemeka. Madam wangu alikuwa mwalimu wa uchoraji kwenye shule ya wasichana, mtu wa maneno machache, asiyenihesabia chakula, jambo ambalo mashagala wengi hawakulipata. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuosha brashi zake kwa tapentaini. Siku moja alinikuta nimechora juu ya boksi la nepi kwa maji ya chai na manjano ya pilau: mapaa ya jirani, na juu yake matangi ya maji yamejipanga hadi mwisho wa macho. Alilishika lile boksi, akalitazama muda mrefu. Nikajua halas, leo narudishwa nyumbani. Akaniuliza, "Kwa nini umechora matangi?" Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kubahatisha kwamba bila matangi hapa si Riyadh, ni kuta tu. Akacheka, na kesho yake akaniletea rangi za kweli. Basi kila mchana watoto wakilala nilipanda juu ya paa na kibao changu, naye akirudi kazini ananisahihisha. Anza na kivuli, alinambia. Vumbi si rangi ya kahawia, litazame asubuhi kisha ulitazame alasiri. Na neno moja alilirudia mpaka nikalishika kama dua: kila mahali pana kitu kimoja kinachopashikilia, ukikiacha hicho, umechora kwa mtu mwingine.

Huko huko juu ya paa ndiko nilikompata Nekesa. Alikuwa shagala wa nyumba ya pili, kwa Mama Nayef, na ukuta uliotutenga ulinifika kidevuni. Alikuwa amenizidi miaka kama minane, mrefu, mwenye sauti nene, akianika nguo huku anaimba nyimbo za kanisani kwa chini chini. "Wewe msanii," alinichokoza siku ya kwanza, "unanichora ama unaniibia sura?" Tukawa tunapitishiana vitu juu ya ukuta, yeye chai ya maziwa kwenye kikombe cha plastiki, mimi maandazi. Kisha siku moja akaja na mkono ameukunja kifuani. Alikuwa ameunguza kola ya kanzu ya bosi, na Mama Nayef akaichukua pasi ile ile akamwekea mkononi, ati asisahau tena. Nilikiona kidonda, chenye ncha na pembe za pasi kabisa. Nilishuka nikachukua kipande kimoja cha leso yangu, nyekundu ya korosho nyeupe na pindo jeusi, nikampa aufunge mkono. Leso huuzwa mbili pamoja, na kwetu Kwale ukimpa mtu kipande cha pili umemweka ndani ya moyo. Nekesa hakuivua leso ile tena, akiwa hajajifunga kichwani basi kiunoni, mpaka Mama Nayef akazoea kumwita kutoka chini, "Wewe, mwenye nyekundu, yalla!"

Asubuhi moja paa la pili lilikuwa kimya, na huko chini Mama Nayef anapiga kelele langoni kwamba shagala wake ametoroka. Pasipoti yake ilibaki kwenye kabati la kafili, yule bosi aliyemdhamini, na ikama yake, kibali cha kukaa nchini, ikawa haina maana tena. Mimi niliendelea kumenya viazi nikimwombea. Miezi miwili baadaye baba wa nyumba yetu alihamishiwa kazi Jeddah, sote tukafungasha, na wiki ya pili hapa Jeddah kasimu kangu, nilikokaficha ndani ya gunia la mchele, kakalia. "Mishi, toka kwa hiyo jua ya Riyadh uje uone bahari," sauti ikasema. Kumbe na yeye yuko Jeddah! Nilimwambia madam nataka kutoka Ijumaa baada ya swala nikauchore mji, na haukuwa uongo. Akakubali, mradi dereva anipeleke na kunirudisha kabla ya magharibi.

Wale wanaoiona Mahjar kwenye simu ikiwa vifusi hawawezi kujua utamu wa chumba kile. Ulipita nyuma ya duka la mikate la Ammi Saleh, mzee wa Kiyemeni, ukapanda ngazi kumi na tisa zisizo na kishikio, ukafika kwenye mlango wa buluu uliozibwa kwa bati la mkebe wa samli. Ndani walilala wanne, Nekesa na Wakenya wenzake watatu waliotoroka kama yeye, wakifanya vibarua vya usafi vya siku moja moja. Kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, ndiyo ilikuwa Jumapili yao. Walisali kwa kunong'ona, televisheni imefunguliwa kwa sauti kubwa ili majirani wasisikie, na mimi Muislamu wao nimekaa kwenye godoro nawachagulia maharagwe. Kisha tunakanda chapati. Anayesuka anasuka, anayelia analia, hakuna anayemuuliza mwenzake. Ammi Saleh aliwapa mikate ya jana bila kutaka chochote, na kila akituona tunapita alitazama upande mwingine, maana heshima yake ilikuwa hiyo, kutotuona. "Huyu mzee anajua tuko hapa," Nekesa alisema mara moja, "lakini mtu akijua sana, naogopa."

Ijumaa ya tatu niliketi kwenye paa la mkabala na daftari langu nikachora kichochoro chote: mlango wa buluu, ngazi, mashine ya hewa baridi iliyofungwa kwa waya, vizimba vya njiwa, mnara wa msikiti nyuma yake. Na dirishani kwao, kwenye kamba, ile leso imeanikwa. Nekesa alipanda akanitazamia begani. "Chora kila kitu," akasema. "Chora hata panya. Lakini hiyo leso, wachana nayo. Huyo mama anaijua vile anajua mkono yake." Nikamwambia nani ataiona, picha yenyewe ya shagala? Hakucheka. Aliukunjua mkono, alama ya pasi imeshakuwa nyeusi ya kung'aa. "Mishi, nirudishwe kwake? Afadhali nife hapa hapa. Niahidi." Nikamwahidi, tena kwa kuapa, nikampa mkono.

Nyumbani madam alikuwa amenipa kitambaa kikubwa cha kuchorea, cha kwanza maishani mwangu, nami nikakifanyia kazi wiki tatu mchana mchana. Kivuli kilikaa sawa. Vumbi lilikuwa vumbi la Mahjar, lenye chumvi kidogo, si la Riyadh. Lakini kila nikirudi nyuma hatua mbili, picha ilikuwa imelala. Madam alikuja akakunja mikono, akaitazama kitambo. "Nzuri," akasema. "Lakini bado hapajawa mahali. Kuna kitu umekitoa." Lo! Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Nilijua ni kitu gani, na nilijua nilimuahidi nani. Nilijiambia nitaiweka nione tu, kisha niifute kesho yake kwa kitambaa chenye tapentaini. Michirizi minne ya brashi, nyekundu, nyeupe, pindo jeusi. Mtaa mzima ukaamka. Ungesikia njiwa. Madam aliporudi alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Sasa ndiyo." Kesho haikufika. Aliitia fremu ya dhahabu akaitundika kwenye sebule ya wanawake, na mimi kila nikipita na sinia nilipunguza mwendo niitazame. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo gumu kuliandika.

Likizo ya shule ikaleta wageni kutoka Riyadh. Ilikuwa Jumatano baada ya alasiri, nilisukuma mlango na birika la kahawa, na aliyekaa chini ya picha yangu alikuwa Mama Nayef. Nilimjua kabla hajageuka, kwa sauti yake tu. Mimi mwenyewe, mjinga mimi, nilikuwa nimejifunga kipande changu cha leso ile ile kiunoni kama kawaida ya jikoni. Madam alikuwa katikati ya kunisifu. "Huyu ndiye aliyeichora," akawaambia. "Mishi, waambie wapi hapa." Nikajibu nilivyopaswa kujibu, "Nimebuni tu, mama. Hakuna mahali kama hapa." Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini madam uso ulimshuka, maana nilikuwa nimemfanya mwongo mbele ya wageni, na Mama Nayef akacheka kwa pua. "Si nilikwambia? Shagala atajulia wapi? Amenakili kwenye gazeti. Mafi, hakuna mahali hapo." Na wenzake wakacheka naye.

Nimeigeuza dakika ile miaka kumi na minane nikitafuta upenyo wa kujitetea na sijauona. Sikutishwa. Sikushikwa mkono. Niliudhika tu. Niliweka birika chini nikasema, kwa Kiarabu kilichonijia chote kwa mara moja, kwamba mahali hapo papo, ni Mahjar, nilikaa pale Ijumaa baada ya Ijumaa nikachora kwa mkono huu. Nikaeleza duka la mikate. Nikaeleza ngazi, nikataja na idadi. Nikasema mlango ni wa buluu na una bati la samli, na asiyeamini aende akaone. Wallahi nilisema hivyo, aende akaone. Mama Nayef alisimama, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, kisha akaitazama leso ya kiunoni mwangu, kisha akaitazama tena picha. "Mashallah," akasema taratibu. "Basi kweli ni mchoraji." Akarudi akakaa, akaomba tende. Na mimi, Mungu anisamehe, niliingia jikoni kwanza nikiwa nimefurahi kwamba nimemshinda. Hofu ilikuja baadaye, nikiosha vikombe.

Nilikuwa na muda. Hilo lazima niliandike waziwazi. Kabla ya magharibi siku ile ile nilikatoa kasimu kwenye gunia la mchele nikampigia Nekesa. Alipokea akicheka, wenzake wanapiga kelele nyuma. "Sema, mrembo! Ijumaa unakuja?" Neno moja lingetosha: hameni. Lakini ukisema hameni utaulizwa kwa nini, na ili nijibu ilibidi nimwambie kwamba niliapa nikamshika mkono, kisha nikaichora leso, kisha nikasimama mbele ya Mama Nayef nikamwelekeza hadi mlangoni kwa sababu alinicheka. Nikajidanganya kwamba yule mama pengine hakuelewa, kwamba wageni wana safari zao, kwamba nitamwambia ana kwa ana. "Mishi? Uko?" akauliza. Nikasema, "Niko. Ijumaa nitaleta samli ya chapati." Akafurahi mno. Tukaagana.

Ijumaa dereva alinishusha pale pale. Ammi Saleh alikuwa amesimama nje ya duka, hakutazama upande mwingine safari hii, alinitazama mimi. "Askari walikuja asubuhi," akasema. "Hawakuuliza mtu. Walipanda kama wanaokwenda kwao." Nilipanda na mkebe wa samli mkononi. Mlango wa buluu ulikuwa umeegemea ukuta. Ndani kulikuwa na beseni la unga wa chapati umeshakandwa, juu umeanza kukauka na kupasuka, na sapatu moja moja, na televisheni bado inasema peke yake. Leso ilikuwa kwenye kamba pale dirishani. Niliianua, nikaikunja, nikaitia ndani ya buibui. Nilishuka nikapita mbele ya mzee bila salamu.

Wale watatu walirudishwa Kenya wiki ile ile. Nekesa hakurudishwa nao. Kafili wake alimdai, na akapelekwa Riyadh, kwenye nyumba ile ile, mwezi mzima, ndipo akapandishwa ndege. Mwezi huo hajawahi kunisimulia, na mimi sijawahi kuwa na uso wa kuuliza. Picha madam alirudi nayo Riyadh mkataba wa baba wa nyumba ulipokwisha, mashoga zake wakaiona, wakataka na wao za mitaa yao, na hivyo ndivyo nilivyoacha kufua nguo za watu. Mwaka juzi Nekesa alipopata namba yangu kwenye kundi la wanawake waliofanya kazi huku, alinililia kwa furaha. Ndipo nilipojua kwamba hakujua. "Yule mzee wa mikate ndiye alituuza," aliniambia. "Mimi nilimshuku kutoka kitambo. Nani mwingine alikuwa anajua?" Nami nilinyamaza. Ammi Saleh alikuwa ameshakufa, nikaona hatadhurika. Kunyamaza kulikuja rahisi, kama siku ile ya samli.

Baada ya ombi lake la Jumanne nilijaribu kukichora chumba. Siku tatu. Nilipata ukuta, nikapata mlango, na kila nikichovya brashi kwenye nyekundu mkono ulikataa. Jana baada ya swala ya Ijumaa nilizitandaza leso zote mbili mezani, nikampigia kwa video. Alikuwa nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani imemshuka puani. Alipoziona akapiga ukelele, "Woiye, leso yangu! Uliitoa wapi?" Nikasema, "Nekesa, haikuwa yule mzee wa mikate." Nikaanza. Sikuacha kitu: michirizi minne, kicheko cha Mama Nayef, ngazi kumi na tisa, simu ya Jumatano. Nilisema nikitazama meza, kwa kuwa sikuweza kumtazama. Nilipomaliza nikasikia kuku wake, na mtu anapasua kuni kwa mbali.

"Kila Krismasi," akasema mwishowe, polepole, "nikiombea watu wangu, huyo mzee nilikuwa namlaani. Alitupea mikate, Mishi."

"Najua."

"Na hiyo Ijumaa tulikuwa tumekanda unga asubuhi. Tukasema tusikaange, tungoje Mishi na samli."

Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni, akaivaa tena, akanikaribia kwenye kioo.

"Hiyo picha," akauliza, "ilikuwa mzuri?"

Ningeweza kusema la. Nilikuwa nimemdanganya mara nyingi kiasi kwamba mara moja zaidi isingeonekana.

"Ilikuwa nzuri," nikasema. "Mpaka leo sijachora nyingine kama ile."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Basi usinichoree ingine," akasema, akakata simu.